Taswira Moja Kutoka Meza ya Mwandaaji Hadi kwa Mteja

Programu ya wavuti inayofanya kazi vizuri katika kompyuta ya mwandaaji wake, kisha ikagoma kuwaka inapofikishwa kwenye seva, ni tatizo la miaka mingi katika fani ya kompyuta, na chanzo chake mara nyingi si kosa la msimbo bali ni tofauti ya mazingira: lugha iliyotumika imesimikwa kwa toleo jingine, maktaba fulani haipo, au faili inayotafutwa imewekwa mahali pengine. Kontena lilibuniwa ili kuiondoa tofauti hiyo.

Kwa maana ya kikompyuta, kontena ni programu inayoendeshwa ndani ya uwanja wake yenyewe, isione faili wala mtandao wa jirani zake, na inayoweza kupangiwa kiasi cha kumbukumbu na cha nguvu ya prosesa isichoruhusiwa kukivuka. Makontena yote ya seva moja hutumia kiini kimoja cha mfumo endeshi, kwa kawaida Linux, ndiyo maana huwaka upesi kuliko kompyuta bandia, ambayo hubeba mfumo endeshi wake mzima. Wazo lenyewe si geni, kwani amri ya chroot ya kuifungia programu katika sehemu moja ya diski iliingia katika mfumo wa Unix mwaka 1979, na uwezo wa kugawa rasilimali kwa makundi ya programu, ulioanzishwa na wahandisi wa Google, ukaingia katika kiini cha Linux mwaka 2008. Hata hivyo, maarifa hayo yalibaki mikononi mwa wachache hadi Machi 2013, Solomon Hykes alipoionyesha Docker, zana ya kuendesha makontena, kwa dakika tano tu katika mkutano wa PyCon, Santa Clara, Marekani.

Docker ilileta hasa njia rahisi ya kufungasha. Programu pamoja na kila inachokitegemea hufungwa katika taswira, yaani furushi lisilobadilika ambalo kontena huanzishwa kutokana nalo, na taswira hiyo hujengwa tabaka juu ya tabaka kwa kufuata maelekezo yaliyomo katika faili iitwayo Dockerfile. Mpangilio wa maelekezo hayo una uzito wake. Mwandaaji wa programu ya Python anayenakili kwanza orodha ya maktaba, akazisimika, ndipo akanakili msimbo wake, anaweza kubadili mstari mmoja na kujenga upya kwa sekunde chache, kwa kuwa tabaka la maktaba halikuguswa. Akinakili vyote kwa pamoja mwanzoni, badiliko la nukta moja litailazimisha kompyuta kuzipakua maktaba zote upya, na kwa anayetumia intaneti ya bando hiyo ni hasara ya fedha taslimu.

Kosa linalostahili kupigwa vita kuliko yote ni la kujenga taswira mpya kwa kila hatua. Taswira iliyojengwa leo kwa ajili ya majaribio na nyingine iliyojengwa wiki ijayo kwa ajili ya wateja zinaweza kutofautiana ilhali msimbo ni uleule, kwa sababu maktaba hutolewa matoleo mapya kila wakati, na hapo kinachowafikia wateja si kile kilichojaribiwa. Taswira ijengwe mara moja tu, kisha hiyo hiyo ipitishwe hatua zote. Wala haitoshi kuitambua kwa lebo kama latest, kwani lebo ni jina linaloweza kuhamishiwa taswira nyingine. Kinachoaminika ni kitambulisho chake cha SHA-256, chenye herufi na tarakimu 64, ambacho hutokana na yaliyomo na hubadilika hata baiti moja ikibadilika.

Kinachopaswa kubadilika kati ya majaribio na huduma halisi ni mipangilio pekee: anwani ya hifadhidata, nywila, funguo za malipo. Hivi hupewa kontena wakati wa kuwashwa, wala havifungwi ndani ya taswira. Wapo wanaodhani kwamba faili ya nywila ikinakiliwa kisha ikafutwa katika maelekezo yanayofuata imetoweka, kumbe tabaka la chini bado linayo, na yeyote aliyeipata taswira anaweza kuitoa. Nywila ya namna hiyo imekwisha vuja na ni lazima ibadilishwe.

Makontena yanapokuwa mengi huhitaji msimamizi, na anayejulikana zaidi ni Kubernetes, mfumo uliotangazwa na Google mwaka 2014, ambao jina lake ni neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani wa chombo. Unapoingiza toleo jipya huyaondoa makontena ya zamani kidogo kidogo, ukilipa kila moja ishara ya kujifunga na, kwa kawaida, sekunde 30 za kumaliza kazi. Programu isiyoisikiliza ishara hiyo humkatia mteja malipo yake njiani. Duka dogo la mtandaoni, kwa kweli, halihitaji mzigo huo wote: seva moja yenye Docker Compose, zana ya kuwasha makontena kadhaa kwa pamoja, inalitosha.

Toleo jipya likileta hitilafu, taswira ya awali huwashwa tena na huduma ikaendelea, mradi haikufutwa katika ghala la kuhifadhia taswira. Data ni suala jingine. Jedwali la hifadhidata lililofutwa na toleo jipya halirudishwi na taswira ya zamani. Hurudishwa na nakala ya akiba iliyochukuliwa kabla toleo hilo halijaingia.