Kiazi cha Njombe

Sogeeni, wajukuu zangu. Nani hapa hajawahi kula chipsi mayai? Hakuna, nilijua. Basi leo tushike kipande kimoja cha chipsi, tukiulize kwao wapi.

Kama tumekinunua Dar es Salaam, huenda kikajibu: Njombe. Huko ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai ukifungua mdomo unatoka mvuke kama sufuria ya uji. Sisi tunatetemeka, kiazi kinafurahi. Kiazi hichohicho ukikipanda pwani kwenye joto, utachimbua vijiazi kama gololi.

Mkulima anapanda kiazi chenyewe, kilichoanza kuchipua machoni. Ndiyo, kiazi kina macho! Kikikua anakipandishia udongo, maana kikichunguliwa na jua kinageuka kijani, kichungu, tena chenye sumu. Mvua ikizidi unakuja ugonjwa wa ukungu. Siku chache tu, shamba lote jeusi kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Ukungu huohuo uliingia Ireland mwaka 1845, na katika njaa iliyofuata wakafa watu wapatao milioni moja.

Ukisalimika, baada ya miezi mitatu au minne unavuna, na pesa inaanza kutembea. Analipwa kibarua anayechimba, mama anayechambua vikubwa na vidogo, kijana anayeshona magunia, mpakiaji, dereva, na mama lishe anayewapikia wote. Hata muuza bati wa mjini huenda hajashika jembe miaka kumi, lakini viazi vikioza na duka lake linanuna.

Sasa, lumbesa. Gunia limejaa pomoni, dalali anasema ongeza. Linafumwa kamba mdomoni, viazi vinapandishwa juu mpaka gunia linaota kichwa. Bei? Ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, na mimi nauita wizi wa mchana. Lakini mkulima atafanyaje? Viazi vimeshachimbwa, havingoji, mawingu yanakusanyika, na lori ni moja.

Anakubali. Wanapakia hadi giza. Usiku wa manane lori linashuka mlima wa Kitonga kwenda Dar, breki zinalia, na utingo amejilaza juu ya mzigo kwa blanketi lake, kichwa kwenye lumbesa.