Majina mawili, kaburi moja

Mwezi uliopita udongo ulimfunika mwenzetu mchimbaji hapa kwetu Wamaza. Mwili haujatoka bado, ukoo ulishaanza kugombana. Ndugu za baba wanasema azikwe leo leo, Kiislamu. Ndugu za mama wanasema hapana, tungoje katekista. Wakaniambia: wewe wa sendika, fungua kitabu chako. Nikafungua. Marehemu aliandikwa majina mawili: la nyumbani, la Kiislamu, na la ubatizo.

Wazee wakanyamaza. Wanajua jina la pili lilitoka wapi: lilitoka masomoni.

Kasongo ilikuwa mji wa Tippu Tip na Wangwana, mpaka askari wa Leta chini ya Dhanis walipouteka Aprili 1893. Kisha Mapadri Weupe wakaja kujenga misheni. Mwaka 1906 Leta ya Leopold II ikapatana na Roma: kila misheni ipewe hekta 100 mpaka 200, nayo ifungue masomo. Basi mtoto wa Mwislamu akitaka kuwa karani, njia ilipita kanisani. Wazazi wengi walikataa, watoto wakabaki na chuo cha Kurani tu. Wengine walimtoa mtoto mmoja abatizwe, kusudi nyumba ipate mtu wa kusoma barua. Masomo ya Leta yasiyo ya dini, waziri Buisseret alianza kuyafungua 1954 tu.

Tusifikiri ni mambo ya Kasongo peke yake. Mwaka 325 mfalme Constantine wa Roma aliwaita maaskofu Nikea juu ya ugomvi wa padri Arius: Mwana ni sawa na Baba, ao hapana? Tangu pale, anayeshindwa katika maneno ya dini anafukuzwa na serkali. Askofu Athanasius wa Alexandria, kule Misri, alifukuzwa mara 5, kwa sababu wafalme walibadilika, na kila mmoja na upande wake. Serkali ikishika dini moja mkono, watu wanaacha kuuliza ukweli ni upi, wanauliza nani atapata.

Mwenzetu tulimzika magaribi ile ile. Shehe alisali, katekista akafika na pikipiki, akasema neno lake. Kwenye kibao niliandika majina yote mawili. Kesho yake sendika ikakata shauri: kasha ya matanga ni ya kila mchimbaji, hatuulizi anasali wapi.

Na masomo ya watoto wetu yawe vile vile.