Mgeni wa Majuma Mawili



Tulipowaarifu jamaa zetu kwamba tumekubali kumweka mbwa nyumbani kwa majuma mawili, baadhi yao walidhani twafanya mzaha, na mmoja akatuuliza kwa huzuni kama tumeacha dini. Hatukumlaumu. Sisi ni watu wa pwani, tuliolelewa katika madhehebu ya Imamu Shafi, na tangu utotoni tunajua kwamba penye ute wa mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hukumu hiyo tungali tunaishika, na tunaandika habari hii ili kueleza jinsi tulivyoishika huku mbwa yumo ndani.

Makazi yetu ni Uingereza, katika mji wa Leicester wenye Waislamu wengi. Msikitini petu yuko mzee mmoja aliyepoteza macho yake ukubwani. Kwa miaka mingi mjukuu wake alimshika mkono akamleta kwa sala ya alfajiri na ya isha. Kijana alipokwenda chuo kikuu katika mji wa mbali, mzee akawa haonekani ila Ijumaa, na Ijumaa nyingine asionekane kabisa. Tulipokwenda kumzuru alituambia kwamba ameomba mbwa wa kumwongoza, naye yumo katika orodha ya wanaongoja. Ndipo kijana wetu wa miaka 16 alipouliza mbwa hao hutoka wapi, na ni nani anayewalea. Swali hilo ndilo lililotuletea mgeni wetu.

Kazi yenyewe si ngeni. Chuo cha namna hii kilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofushwa na vita, na Uingereza ikapata mbwa wake wanne wa kwanza huko Wallasey mwaka 1931. Siku hizi mtoto wa mbwa hukaa na watu wa kujitolea kwa mwaka mmoja hivi, akizoeshwa barabara, maduka, mabasi na makelele ya watoto. Kisha huingia mafunzoni: mchana yu pamoja na mwalimu wake, na jioni hulala katika nyumba ya mtu. Zinapofika siku za Krismasi walimu huenda likizo na wenye nyumba husafiri kwa jamaa zao, na mbwa hana budi kupatiwa pa kukaa. Nasi Waislamu siku hizo hatuna sikukuu wala safari. Tumekaa majumbani mwetu tukinywa chai.

Kabla ya kukubali tulimwuliza imamu na tukatazama vitabu. Ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kufuga mbwa pasipo haja; lakini aliruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba, na katika Sura ya Maida windo la mnyama aliyefunzwa limehalalishwa. Wafuasi wa Imamu Malik wanaona mbwa ni tohara. Walakini lililotutuliza zaidi limo katika madhehebu yetu wenyewe. Imamu Nawawi, alipoisherehesha Sahihi ya Muslim, alitaja hitilafu ya wanazuoni wa Kishafi juu ya mbwa wa kulinda nyumba, na juu ya mtoto wa mbwa anayefugwa ili afunzwe kazi, akasema kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa yote mawili yanajuzu. Basi mbwa aliye mafunzoni hakusahauliwa na wanazuoni, nao waliyasema haya zaidi ya miaka 700 iliyopita!

Likabaki jambo la malaika, ambao hadithi inasema hawaingii nyumba yenye mbwa. Al-Khattabi alisema hiyo ni kwa mbwa aliyekatazwa kufugwa. Nawawi aliona kuwa ni kwa kila mbwa. Mama yetu mzee, mzaliwa wa Lamu, alikuwa upande wa Nawawi bila ya kumsoma. Alituambia, "Wanangu, mimi silizuii jambo la kheri. Lakini mimi nitasali wapi?" Lilikuwa ni swali la haki. Tukampa ghorofa ya juu yote, tukaweka kizuizi cha mbao chini ya ngazi, na mbwa hakupanda hata siku moja.

Alikuja mbwa mweusi, mpole, wa jamii ya labrado, pamoja na kitanda chake, bakuli zake na barua ndefu ya masharti. Tulistaajabu kuona jinsi masharti ya chama yalivyolingana na haja zetu: mbwa asipande viti, asipewe chakula cha mezani, ajisaidie nje kwa amri, na ale kwa kipimo baada ya kupigiwa filimbi. Kazi kubwa ilikuwa kumzuia mtoto wetu mdogo asimpe sambusa. Tuliweka chumba cha nyuma chenye sakafu ya vigae kuwa chake, na penye mlango tukatundika koti la kutembea naye. Udongo wa bustani uliganda kwa baridi, ikatubidi tuweke ndoo ya udongo ndani. Watoto walijifunza kwamba kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi, na wakalielewa vizuri kuliko walivyolielewa madrasa.

Siku ya tano, muda mfupi kabla ya magharibi, mbwa alimlamba kijana wetu mkono hadi kwenye nguo. Akaosha huku analalamika kwamba jamaa itampita, na bibi yake, amesimama juu ya ngazi, akimhesabia kwa sauti: "Hiyo ni ya nne. Usiruke." Jamaa ilimpita kweli.

Tulimwalika mzee wetu asiyeona. Aliuliza mengi. Tulimweleza kama tulivyoelezwa: mbwa hajui rangi za taa za barabarani, husimama ukingoni mwa njia, na mwenyewe ndiye asikilizaye na kuamuru wavuke. Lakini ikiwa gari laja, mbwa aliyefunzwa hukataa amri. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akamkumbuka Ibn Umm Maktum, sahaba kipofu, aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) kuomba ruhusa ya kusali nyumbani kwa kuwa hana kiongozi wa kumfaa, naye akaulizwa kama anaisikia adhana. "Nami naisikia," alisema mzee.

Mwaka 2008 msikiti mmoja wa mji huu huu ulimruhusu kijana kipofu kuja na mbwa wake, akatengewa mahali pa kupumzika karibu na mlango, baada ya wanazuoni kutoa fatwa. Kwa upande mwingine, sheria ya mwaka 2010 inamkataza dereva wa teksi kumkataa kipofu kwa sababu ya mbwa wake, na wamekuwako Waislamu waliofikishwa mahakamani kwa kosa hilo. Twaona haya kuliandika. Kiti hufunikwa kwa shuka, na shuka hufuliwa!

Mwalimu alikuja kumchukua mgeni wetu baada ya mwaka mpya. Tuliosha sakafu mara saba, moja kwa udongo, tukafungua madirisha. Chama kimekwisha kutuandikia kuuliza juu ya likizo ya Pasaka. Tulimpelekea mama barua ile juu. Amesema kizuizi kiwekwe mapema, kabla mbwa hajaingia.