Walipolipwa wasije kazini

Septemba 15, 2008 benki ya Lehman Brothers ya New York iliwasilisha maombi ya ufilisi, ikiwa na mali ya dola bilioni 639 na madeni makubwa mno. Wafanyakazi walitoka na maboksi mikononi. Kampuni ya mawakili ya Weil, Gotshal & Manges, iliyokabidhiwa jalada hilo, ilipata kazi ya miaka, na ada zake zikapita dola milioni 400. Kufa kufaana.

Jirani zao hawakubahatika. Thacher Proffitt & Wood, iliyoanza 1848, ilitegemea sana mikataba ya kukusanya mikopo ya nyumba na kuiuza kwa wawekezaji. Mwaka 2001 ofisi yake iliangamia pamoja na minara ya World Trade Center, ikasimama tena. Soko la mikopo lilipokauka, ilivunjwa Desemba 2008. Si wangehamia kwenye ufilisi? Wakili aliyebobea kwenye hati za mikopo hageuki mtaalamu wa ufilisi kwa mwezi mmoja, wala mteja hakubali kumlipia ada ya kujifunzia.

Hapo ndipo vijana walipoumia. Wakili wa mwaka wa kwanza katika kampuni kubwa alianzia dola 160,000 kwa mwaka, sehemu kubwa ya kazi yake ikiwa kupekua nyaraka, na kila saa yake ikaingizwa kwenye bili ya mteja. Wakati wa neema bili zililipwa bila maswali mengi. Hali ilipobana, wateja wakaanza kuzikagua mstari kwa mstari: huyu bado anajifunza, mlipeni wenyewe. Februari 2009 Latham & Watkins iliwaachisha kazi mawakili vijana 190 na watumishi wengine 250 kwa mpigo. Kampuni ya Skadden ilikuja na lake: wakili kijana aliyekubali kukaa nje ya ofisi mwaka mzima alipewa dola 80,000. Nafuu kuliko kumlipa mshahara kamili huku hana la kufanya.

Vyuoni mambo yalikwenda kinyume kabisa. Ajira zilipoadimika, vijana walikimbilia darasani, na mwaka 2010 zaidi ya 52,000 walianza masomo ya sheria, wengi kwa mikopo. Walipohitimu 2013, walioanza mwaka huo walikuwa wamepungua hadi chini ya 40,000, kwani habari za uhaba wa kazi zilishasambaa. Wahitimu kadhaa walivishtaki vyuo vyao kwamba vilipamba takwimu za ajira. Kesi nyingi zilitupwa. Moja ilisikilizwa San Diego mwaka 2016, na baraza la raia waamuzi likakipa chuo ushindi.