Maji ya Muhuru na Wahandisi wa Kesho

Mgeni afikaye Ghuba ya Muhuru, katika Kaunti ya Migori karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, huyaona maji ya Ziwa Victoria yametanda mbele yake hadi upeo wa macho. Mwaloni wavuvi hushusha omena na sangara, na wanawake na watoto hupita wamejitwisha madebe. Mgeni huyo aweza kuuliza: iweje mahali penye maji mengi namna hii pawe na shida ya maji? Jibu lake si la watu wa Muhuru peke yao. Lahusu pia vyuo vikuu, na namna vijana wanavyofundishwa humo kazi ya uhandisi.

Maji ya ziwa yaliyo karibu na ukingo si salama kwa kunywa. Wamo konokono wanaoeneza kichocho, na mvua zinyeshapo huteremsha uchafu wa vijijini, ambao waweza kuleta kipindupindu na homa ya matumbo. Ili maji hayo yafae, yapasa yavutwe kutoka mahali penye kina, yatulizwe hata matope yazame, yapitishwe katika mchanga, yatiwe dawa ya klorini, kisha yapandishwe katika tangi lililo juu ili yateremke yenyewe mpaka mabombani. Fundi hodari aweza kujenga tangi na kuunga mabomba. Lakini kabla ya fundi kushika spana, yuko mtu apasaye kupiga hesabu, na huyo ndiye mhandisi.

Hesabu yenyewe si fumbo. Chukua mfano wa nyumba 1,000, kila moja ikitumia madebe sita ya lita 20 kwa siku. Jumla yake ni lita 120,000, yaani tani 120 za maji. Kuyainua maji hayo mita 30 kwahitaji, kwa kanuni ya fizikia, uniti 10 hivi za umeme. Lakini pampu na mabomba hupoteza nguvu nyingi, basi mhandisi mwenye busara ataweka uniti 20. Ikiwa nguvu hizo zitatokana na jua, na jua kali likahesabiwa kuwa saa tano kwa siku, zahitajika paneli za kilowati nne, na nyingine kidogo kwa ajili ya siku za mawingu.

Hapo hesabu ya darasani imekwisha, na hesabu iliyo ngumu zaidi ndiyo kwanza inaanza. Pampu ikiharibika, kipuri kitatoka wapi, na kwa siku ngapi? Nani atalipwa kuitunza? Debe liuzwe kwa bei gani ili fedha za matengenezo zipatikane, bila kumfanya maskini arudi kuteka ziwani? Mtambo wa maji waweza kujengwa bila kosa lolote la kanuni, ukafa kwa kukosa majibu ya maswali hayo matatu.

Tena ziwa lenyewe halitulii. Mvua kubwa za miaka ya 1961 hadi 1964 zililipandisha zaidi ya mita mbili. Mwaka 2020 maji yalikifikia tena kimo cha mwaka 1964, yakafunika mialo na kuwatoa watu katika nyumba zao. Mhandisi asiyezijua habari hizo ataijenga nyumba ya pampu mahali pazuri leo, na baada ya miaka michache atahitaji mtumbwi ili aifikie. Ndiyo maana chuo kikuu hakipaswi kufundisha tu, bali kufanya utafiti: kupima kimo cha maji mwaka hata mwaka, kujua mchanga upi wa karibu wafaa kuchujia, na kuchunguza kwa nini mtambo wa kijiji kimoja umedumu na wa kijiji cha pili umekufa. Vitabu vilivyoandikwa ng'ambo vina kanuni nzuri, lakini havina habari za Muhuru.

Nchi hiyo si ngeni kwa kazi za uhandisi. Katika miaka ya 1950 mto Kuja, ambao huitwa pia Gucha, ulizibwa penye maporomoko ya Gogo ili kutoa umeme kwa mgodi wa Macalder uliochimba shaba na dhahabu. Mgodi ulifungwa mwaka 1966. Kituo cha Gogo, chenye uwezo wa megawati mbili, kiliendelea kutoa umeme, kwa maana walikuwako watu wa kukitunza.

Kilipojengwa kituo hicho, Kenya haikuwa na mhandisi hata mmoja aliyepata digrii yake nchini. Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilifunguliwa Nairobi mwaka 1956. Mwaka 1963 kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam, na vijana wa Uganda na Tanganyika walisafiri mpaka Nairobi kusomea uhandisi. Mwaka 1970 kila nchi ilishika chuo chake. Dar es Salaam ilianza kufundisha uhandisi mwaka 1973, na nchini Kenya vyuo vya Moi na Jomo Kenyatta vilifuata, kisha vingine vingi. Mwaka 2013 vyuo vya ufundi vya Nairobi na Mombasa navyo vilifanywa vyuo vikuu. Jambo hilo liliwafurahisha wengi, ingawa lina hasara yake: mhandisi mmoja huhitaji mafundi sanifu kadhaa, na pampu ya kijijini humngoja fundi sanifu mara nyingi kuliko inavyomngoja mwenye digrii.

Muhuru imekwisha kuona jinsi chuo kikuu kiwezavyo kutoka nje ya kuta zake. Shule ya sekondari ya wasichana ya WISER ilifunguliwa huko mwaka 2010, kwa ushirikiano wa wenyeji na watu wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, na wanafunzi wa Duke wamekuwa wakifika huko kujifunza na kufanya kazi. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini pia lafikirisha, kwamba kijana wa Marekani avuke bahari kuja kujifunza kando ya ziwa hili, hali kijana wa Kenya aweza kumaliza masomo ya uhandisi bila kulala usiku mmoja katika kijiji kisicho na bomba.

Kwa msichana wa Muhuru njia ya kuwa mhandisi ni ndefu. Hesabu, fizikia na kemia ndizo mlango wake, na masomo mawili ya mwisho hayasomeki vema bila maabara yenye vyombo. Digrii huchukua miaka mitano. Baada yake huandikishwa na Bodi ya Wahandisi kama mhitimu, na hawezi kuitwa mhandisi kamili mpaka afanye kazi miaka mitatu, isipungue, na kupimwa.

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 mwezi Januari, 2026, na huko kila mmoja huchagua njia yake; sayansi na ufundi ni mojawapo. Aliyeishika njia hiyo Muhuru atafika chuo kikuu mwaka 2029, na mambo yasipobadilika atapata digrii mwaka 2034. Mwaka 2037 ataweza kutia sahihi yake kwenye michoro ya tangi la maji. Paneli za jua zinazofungwa leo huenda zikawa bado zafanya kazi mwaka huo. Pampu itakuwa imebadilishwa, pengine zaidi ya mara moja.