Sheli ya tarakilishi ikizimika ghafla, iripoti hivi

MWANAFUNZI wa tarakilishi mtaani Makongeni, mjini Thika, aandikapo amri na kuona dirisha likifungika ghafla, aghalabu hulifungua upya na kuendelea na shughuli zake. Hapo ndipo ushahidi unapopotea.

Programu inayozungumziwa ni sheli (si kile kituo cha mafuta!), yaani ile inayopokea amri zilizoandikwa na kuufikishia mfumo wa tarakilishi. Inayotumiwa sana katika Linux ni Bash, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka wa 1989. Mtunzaji wake wa miaka mingi ni Mmarekani Chet Ramey.

Mtunzaji aliye ng'ambo hakuona kilichotendeka Thika. Ripoti ya kusema tu kwamba programu "imekufa" haimfai kitu. Anahitaji amri yenyewe, herufi kwa herufi, pamoja na toleo la programu, ambalo hupatikana kwa kuandika bash --version. Iwapo kosa limo katika faili ndefu, ondoa mstari mmoja mmoja hadi ibakie ile michache ambayo, ukifuta wowote, sheli haizimiki tena. Kazi hii huchosha mno, lakini ndiyo nusu ya tiba.

Bash huja na programu ndogo iitwayo bashbug. Hiyo hukusanya maelezo ya mashine na toleo, kisha humwachia mwandishi nafasi ya kueleza tatizo na namna ya kulirudia. Kabla ya kutuma, jaribu toleo jipya, kwani huenda kasoro ilikwisha kurekebishwa. Futa pia maneno ya siri yaliyomo.

Hata hivyo, si kila kasoro hutangazwa hadharani. Mnamo Septemba 12, 2014, Stéphane Chazelas alimwarifu Ramey faraghani kwamba Bash ingeweza kuhadaiwa itekeleze amri za mtu wa mbali asiye na idhini. Kasoro hiyo, iliyokuja kuitwa Shellshock, ilikuwa imejificha tangu 1989. Ilitangazwa Septemba 24 pamoja na marekebisho yake, na punde si punde wahalifu wakaanza kuitumia. Marekebisho ya kwanza hayakutosha; wataalamu waliochunguza zaidi waligundua kasoro nyingine, zikiwemo za kuizimisha programu.

Ndiyo sababu sheli inayozimika kutokana na maandishi yaliyotoka nje, mathalani kupitia tovuti, huripotiwa kwanza kwa mtunzaji pekee, naye hupewa muda wa kuirekebisha.