Je, Warumi Walikuwa Wapenzi Kuliko Sisi?

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa Kiingereza hapa Bujumbura alinibana. Kwa Kifaransa, alisema, "roman" ni riwaya. Kwa Kiingereza "Roman" ni Mrumi, na "romance" ni mapenzi. Sasa mwalimu, Warumi walipenda kuliko sisi? Darasa zima likacheka, lakini swali lina uzito.

Ndugu msomaji, mapenzi hayakutoka Roma. Kilichotoka huko ni lugha. Kilatini cha wasomi kilibaki vitabuni na kanisani, huku wananchi wa nchi iliyo Ufaransa ya leo wakisema Kilatini chao cha shambani, kilichokuwa kikibadilika kila kizazi. Mwaka 813 maaskofu waliokutana Tours waliagiza mahubiri yafasiriwe kwa hicho "Kirumi cha mashambani", au kwa Kijerumani, ili watu wote waelewe. Baadaye lugha hiyo ikaitwa "romanz". Karne ya 12 Chrétien de Troyes na wenzake wakatunga kwayo visa vya mashujaa wapanda farasi na wanawake waliowapenda. Jina la lugha likageuka jina la hadithi. Wafaransa wakabaki na kitabu. Waingereza, karne kadhaa baadaye, wakalipa jina hilo penzi lililokuwa ndani yake.

Hapo nikawasimulia langu. Nilisoma kwa Kiswahili Mishamo, Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi. Niliporudi mwaka 2008, ofisi moja iliniambia barua yangu ya kuomba kazi imeandikwa kwa lugha ya sokoni. Niliikunja nikarudi nayo nyumbani.

Kengele ilipolia, yule mwanafunzi akabaki nyuma. Ana hadithi anaiandika daftarini. Je, anaweza kuiendeleza kwa Kiswahili? Nikamwambia ailete Jumatatu.